Alitenda Wema, Hakwenda Zake

Methali aliyoipenda kuliko zote ni ile ya tenda wema nenda zako. Aliisema akikupokea koti mlangoni, aliisema akimenya chungwa, na aliisema hata kanisani kwetu siku alipoalikwa kwenye harambee, yeye asiyekuwa Mkristo, akasimama mbele akashangiliwa. Mimi kwa miaka yote niliyomfahamu nilikuwa nangoja aende zake. Hakwenda. Alitenda wema, akavuta kiti, akaketi hapohapo kuutazama.

Sisi tuliosomeshwa naye tulimwita Anko mbele yake, na Mfadhili nyuma yake. Hapa nitamwita Mfadhili, maana jina lake wanalo wanawe, na mimi sitaki ugomvi na wanawe. Alikuwa mzee wa Kihindi aliyetoka Dar es Salaam zamani, akauza vifaa vya umeme Toronto mpaka akachoka kuuza, akahamia Unionville kwenye nyumba ya matofali yenye vyumba vingi kuliko watu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akitusikia vijana tunatia Kiingereza katika kila sentensi alitikisa kichwa na kuuliza kama Kiswahili tulikiacha uwanja wa ndege. Wajukuu zake walikuwa wanakielewa na kumjibu kwa Kiingereza, na hao hakuwahi kuwasahihisha.

Chumba kidogo kilicho kushoto ukiingia kilikuwa cha vitabu. Vyote vilikuwa riwaya za Kiingereza za kale, zile nene, zilizochapwa upya kwa majalada mekundu. Alizisoma shuleni alipokuwa kijana, na nadhani hakutoka tena ndani yake. Alizipenda kwa sababu karibu kila moja ina bwana mwenye nyumba kubwa anayemwokota mtoto maskini, akamlisha, akamsomesha, na mwisho wa kitabu mtoto anampigia magoti analia. Kila mmoja wetu alipewa kitabu akasome, na siku ya kukirudisha aliulizwa swali lilelile.

"Nani mtu bora humu ndani?"

Jibu lilikuwa bwana mwenye nyumba. Mimi mara ya kwanza sikujua. Nilimwambia mtu bora ni mama mfua nguo anayemficha yatima jikoni kwake katika sura za mwanzo, kabla bwana hajatokea, kisha mwandishi anamsahau kabisa. Mfadhili alikirudisha kitabu kwenye rafu, akakilinganisha na vingine kwa kidole, akasema, "Hujakisoma vizuri, binti. Rudia." Nikarudia. Mama mfua nguo alizidi kuwa bora.

Nilizisoma nyingi, maana baridi ya Toronto ni ndefu na vitabu vilikuwa vya bure. Nikagundua jambo ambalo mpaka leo linanikera. Katika riwaya zile wazazi wa yule mtoto hufa mapema sana, kwa homa au kwa kuanguka farasi, na hakuna anayewalilia zaidi ya mistari miwili. Lazima wafe. Mtoto mwenye baba hawezi kuokotwa. Bwana mkubwa anahitaji kiti cha kukalia, na kiti hicho kina mtu.

Mimi baba yangu alikuwa hai. Nalisema mapema, kwa kuwa ndilo jambo lenyewe.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Njombe, amestaafu. Kwetu mtu akitaka kuweka akiba hapeleki benki, anapanda mipaini, anangoja ikue. Baba alikuwa na shamba lake mlimani, akilitembelea kila Jumamosi kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi Toronto, mipaini ilikuwa bado michanga. Akaiuza hivyohivyo. Wachuuzi wa mbao walimlalia, majirani wakamcheka, naye akanikatia tiketi na kulipa ada ya mwanzo. Ada hiyo ilipokwisha ndipo alipotokea Mfadhili.

Tulikutana kwenye lifti. Nilikuwa nimepangishiwa chumba Thorncliffe Park na dada mmoja wa Mbeya na mumewe, katika mojawapo ya yale majengo marefu ambayo lifti zake hufanya kazi kwa zamu. Nikaona mzee anaingia na maboksi ya chakula, mlango unafunga, nikapiga kelele kwa Kiswahili bila kufikiri, "Shikilia mlango, mzee." Akashikilia. Kisha lifti ikakwama. Tulikaa humo mpaka fundi alipokuja, tumekalia maboksi ya mchele, tunacheka mpaka machozi kwa sababu yeye alikuwa anamwigiza fundi wa lifti wa Dar. Tulipotoka alishajua nasoma nini na nimekwama wapi. Wiki ileile ada ililipwa. Hakuniomba kitu, wala hakuwahi kudai kitu mpaka leo, na hilo nalisema kwa moyo mweupe. Nilimpigia baba simu, baba akasali palepale barabarani.

Bei yake ilikuwa chai.

Jumapili moja ya kila mwezi Mfadhili aliwaalika wazee wenzake wa Dar, wenye maduka na madaktari waliostaafu, pamoja na wake zao na wajukuu. Sebuleni kulikuwa na moto wa umeme ndani ya kioo, una magogo ya plastiki na ndimi zinazocheza bila joto. Alikaa pembeni yake na shali miguuni, katika nyumba ambayo hita yake ingeweza kuivisha ndizi. Watu wakishamaliza sambusa alisimama mbele ya moto ule, akamwita mmoja wetu, akamwekea mkono begani na kusimulia jinsi alivyomwokota. Akifika mwisho alinyamaza. Kimya hicho kilikuwa chetu. Unatazama wageni, unasema, "Na leo niko hapa." Ndipo makofi.

Mara ya kwanza alisimulia lifti, ila akaondoa kicheko. Mara iliyofuata lifti yenyewe ikatoweka, tukawa nje, theluji inaanguka, na mimi nalia. Nilikuwa na koti jepesi. Baadaye sikuwa na koti. Viatu navyo vilishuka daraja, kutoka buti za kuazima hadi raba za kitambaa, na mwishowe kandambili. Kandambili kwenye theluji, na mimi siku ile nilivaa buti za mume wa mwenyeji wangu, kubwa mpaka natembea kama nakanyaga tope. Kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuwa maskini.

Kisha akamuua baba. Ilikuwa chai ya Januari, watu bado wanafuta vidole. Alisema, "Yatima huyu," akaendelea mbele. Nilidhani ulimi umeteleza. Wageni walipoondoka nilimfuata jikoni.

"Anko, baba yangu yuko hai. Juzi tu umemsalimia kwenye simu."

"Najua, binti. Namheshimu sana mwalimu." Alikuwa anamenya chungwa. "Lakini wale watu wanasikia hadithi moja kwa mwezi. Mtoto mwenye baba watasema abebwe na baba yake. Unataka wenzako wanaokuja nyuma yako wakose?"

Akanipa kipande cha kwanza cha chungwa.

Mtaniuliza kwa nini sikusema mbele za watu. Kwetu mtoto hamkatizi mzee hadharani, hata mzee akisema jua limechomoza magharibi. Unangoja, unamwambia pembeni. Mimi nilimwambia pembeni, si mara moja, naye kila mara alikubali kabisa, akaomba radhi kwa adabu, na chai iliyofuata baba yangu alikuwa marehemu tena.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, Kevo, kijana wa Nairobi, ambaye Mfadhili alikuwa amemwamulia uhasibu. Kevo alitaka kutengeneza hita. Alikuwa anaifungua ile ya Unionville kwa raha yake, anaisikiliza kama daktari. Siku moja alipoitwa mbele ya moto alisimuliwa vizuri kabisa, akafika kwenye kimya chake, akasema, "Asanteni kwa chai." Akakaa. Hakuna aliyegomba, lakini nilimwona Mfadhili anakunja shali yake taratibu. Mwezi uliofuata, kati ya picha zetu alizozitundika ukutani, ya Kevo haikuwepo. Tukiuliza tulijibiwa kwamba fadhila ya punda ni mateke.

"Huyo buda hataki watu, anataka sinema," Kevo aliniambia tulipokutana baadaye. "Na wewe Edina ndiye staa. Toka hapo, manze."

"Nikitoka, nani atamaliza ada?"

"Hapo ndipo alikushika," akasema, akaniagizia chips.

Leo Kevo ana gari lake lenye ngazi juu, na hita za nusu ya North York zinamjua. Hakuna aliyemwokota. Huwa ananikumbusha hilo bila kuulizwa.

Ningependa kusema kwamba Mfadhili alikuwa mtu mbaya, mambo yakaisha hapo. Hayaishi. Mwaka wangu wa pili niliumwa mapafu, nikalala chumbani Thorncliffe siku ambazo hata mabasi yalikuwa yanasuasua kwa theluji. Alikuja. Aliendesha gari kutoka Unionville, macho yake mabovu, akapanda ngazi kwa sababu lifti haikuwa inafanya kazi, mkononi ana sufuria ya wali wa choroko wa mkewe imefungwa taulo. Aliketi kwenye kigoda jikoni, hapumui vizuri, ananiangalia nikila. Alikuwa amesahau kuvua kofia. Hakusema methali yoyote. Siku ya mtihani wa leseni ya uuguzi alinisubiri ndani ya gari kwenye maegesho asubuhi nzima, kwa kuogopa kwamba nikishindwa nitarudi nyumbani peke yangu kwa basi.

Hayo mawili hakuwahi kuyasimulia kwenye chai. Nimelifikiria sana jambo hili. Alikuwa na wema wa kweli mkononi, wenye mashahidi, akauacha jikoni, akaenda sebuleni na wa kutunga. Mkewe, ambaye sote tulimwita Anti, alilijua. Siku moja tukiosha vikombe aliniambia, "Yeye anapenda sana kupendwa, mwanangu. Angejua anapendwa, angenyamaza." Nikaendelea kusuuza vikombe, kwa sababu sikuwa na hakika kama nampenda.

Nilipohitimu, baba alikuja. Ilikuwa Juni, watu wamevaa kaptura, naye akatoka uwanja wa ndege amevaa koti zito la sufu alilonunua mtumbani Makambako, jasho linamtiririka. Alikuwa ameambiwa Kanada ni barafu. Nilimwambia huenda lile koti lilitoka hukuhuku. "Basi nimelirudisha kwao," akasema, akakataa kulivua kwa kuwa lilikuwa zuri.

Jumapili tukaenda Unionville. Anti alitupokea mlangoni, akamshika baba mikono yote miwili na kusema, "Karibu, Baba Edina. Tumekungoja miaka." Nilimwona baba anavyonyooka. Alikuwa ametoka mbali kuitwa hivyo katika nyumba ile. Alikuwa amemletea Mfadhili asali ya Njombe ndani ya chupa ya soda, imefungwa kwa mfuko mara tatu.

Mfadhili akatuvuta sote wawili kwenye kile chumba cha vitabu, akafunga mlango. Sebuleni tulisikia vikombe.

"Mwalimu, karibu sana. Nina furaha, sijui nisemeje." Na kweli alikuwa na furaha. "Kuna jambo dogo tu. Wageni wangu wanajua baba wa huyu binti alishafariki."

Baba akanigeukia. Mimi nilikuwa sijawahi kumwambia. Unamwambiaje mzazi wako kwenye simu kwamba huku amekufa?

"Nikianza kusahihisha leo," Mfadhili akaendelea, "wataona tuliwadanganya wote, mimi na yeye. Na humo ndani wamo watu wawili wanaotaka kusomesha vijana mwaka huu. Kwa leo tu, naomba tuseme wewe ni baba mdogo. Na baba mdogo ni baba pia, mwalimu. Kwa mila zetu hapo hakuna uongo."

"Hapana, Anko," nikasema. "Huyu ni baba yangu. Nitasema hivyo, na kama hawataki nitasema kwa sauti zaidi."

Nilikuwa nimeshashika kitasa. Ada ilikuwa imekwisha, leseni ninayo, na kwa mara ya kwanza sikuwa naogopa kitu katika nyumba ile. Ni baba aliyeniwekea mkono.

"Edina. Tumekuja kwa mtu."

"Baba, wanasema umekufa."

"Nimesikia." Alikuwa anaangalia vile vitabu vyekundu, kama mwalimu anayeangalia kabati la shule nyingine. "Kuna watoto wawili wanangoja ada. Mgeni hamwaibishi mwenyeji kwake. Twende."

Tukaenda. Mfadhili akasimama mbele ya moto wa plastiki, akasimulia kandambili, akasimulia machozi, akamtambulisha baba mdogo wa yatima aliyetoka Tanzania kwa ajili ya siku hii. Wageni wakapiga makofi. Akaniachia kimya changu. Badala ya kuwatazama wageni nikamtazama baba.

Baba akainuka. Alikuwa bado na koti lake. Akaomba kusema mawili matatu, na Mfadhili, kwa kuwa walikuwepo wajukuu wa wageni wasiojua Kiswahili, akaanza kutafsiri kwa Kiingereza kila alipotua.

"Mimi sina la kusema juu yangu," baba akaanza. "Nitasema juu ya kaka yangu, baba yake huyu, kwa kuwa naona hapa hamkumfahamu. Alikuwa mwalimu. Hakuwa na mali, ila alikuwa na mipaini. Aliipanda huyu binti akiwa shule ya msingi. Binti alipopata nafasi ya kusoma, miti ilikuwa bado myembamba, haijafika hata nusu ya bei. Akaikata. Watu walimcheka. Akawaambia mti hupandwa tena, mtoto hakui mara mbili. Jioni ile alikwenda kukaa juu ya visiki, peke yake, na aliporudi alisema amekwenda kutafuta kuni. Naye hakuwa na kuni mkononi."

Hilo la visiki nilikuwa silijui. Wanawake wawili walikuwa wanafuta macho, na Mfadhili anatafsiri, sauti inamkatika.

"Kaka yangu angekuwepo leo angemshukuru mwenye nyumba hii kwa kupokea mzigo pale yeye alipoishia. Namshukuru kwa niaba yake. Nina ombi moja. Siku nyingine akilisimulia jambo hili, asianzie kwenye theluji. Aanzie kwenye mipaini."

Mfadhili alitafsiri shukrani. Ombi hakulitafsiri. Alimkumbatia baba, akalia begani kwake machozi yenye sauti, na sebule nzima ikainuka. Wale watu wawili waliahidi kusomesha vijana palepale. Anti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na birika mkononi, haliweki chini, halimimini.

Tulirudi Thorncliffe kwa basi. Baba alikuwa amelivua koti, amelipakata.

"Leo nimekula sambusa za msiba wangu mwenyewe," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Zilikuwa na chumvi nyingi."

Hakuja tena. Nilimwomba nilipoolewa, nikamwomba nilipojifungua, akanijibu kwamba marehemu hapewi viza. Aliligeuza kuwa utani, kila akipiga simu akaanza na "Marehemu anaongea hapa," nami nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Mimi nami niliacha kwenda Unionville. Nilisema ni zamu za hospitali. Kutoka kwa wenzangu nilisikia kwamba hadithi yangu imekua, na sasa ina baba mdogo anayezungumza vizuri. Ilikuwa bado inaanzia kwenye theluji.

Mwaka huu, mwezi wa mvua, baba alifariki kweli. Nilikwenda kumzika. Wanafunzi wake walijaza barabara mpaka malori ya kubeba mbao yakasimama, na hakuna hata mmoja aliyesimama kueleza jinsi alivyookotwa naye, ingawa najua wangapi walikula kwetu. Niliporudi Toronto nilikaa wiki kadhaa nikifanya kazi bila kusikia ninachofanya. Halafu siku yangu ya mapumziko nikajikuta nimevaa, nakwenda kumwona Mfadhili.

Anti alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Wanawe walikuwa wameiuza nyumba na kumpeleka kwenye nyumba ya wazee North York, chumba kimoja, dirisha linatazama maegesho. Nilijua ninachokitaka. Nilitaka neno moja. Nilitaka aseme, "Pole kwa kufiwa na baba yako." Hayo tu. Alimwondoa kwa mdomo wake, na nilitaka mdomo uleule umrudishe.

Mama mmoja wa Bukavu, anayewahudumia wazee wa ghorofa ile, ndiye aliyenifungulia.

"Ni weye Edina?" akasema. "Ule mutoto wa kandambili? Papa anakusemaka kila siku."

Mfadhili alinijua kabla sijavuka kizingiti. Msifikiri akili ilikuwa imemtoka. Aliuliza habari za mume wangu kwa jina, akauliza mtoto ameota meno, akanitania kwa kunenepa. Riwaya zilikuwa pembeni ya kitanda, zimebaki chache. Ukutani kulikuwa na picha zetu, na pengo la Kevo hakulijaza. Yule mama akaleta chai, na Mfadhili akamwambia akae, akaanza. Theluji. Kandambili. Msichana analia. Alisimulia akiwa amekaa, mkono umeinuliwa kidogo, kutafuta bega langu. Akafika mwisho akanyamaza, akanitazama.

"Anko," nikasema, "baba yangu amefariki."

"Ndiyo, binti," akasema kwa upole. "Zamani."

"Si zamani. Mwaka huu. Nimetoka kumzika Njombe."

Niliona anatafuta, na niliona anapata. Uso wake ukaporomoka, machozi yakamtoka, machozi mengi, yanafuata mikunjo mpaka shingoni.

"Yule mwalimu," akasema. "Aliyeniletea asali. Baba yako mdogo."

"Alikuwa baba yangu, Anko. Ndiye aliyeuza mipaini."

"Mtu mwema sana. Alisema maneno ambayo sijayasahau." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaupigapiga kama unavyombembeleza mtoto asiyetaka kulala. "Pole, binti. Pole sana. Usijali, baba mdogo ni baba pia."

Yale machozi yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo ninaposhindwa kumsamehe. Alimlilia baba yangu kuliko nilivyowaona watu wengi wakimlilia, na bado hakumpa kiti chake. Yule mama wa Bukavu naye aliinamisha kichwa, akasema, "Pole ya baba mudogo, dada," na nikajua kwamba hata mimi nikizeeka katika mji huu, baba atakuwa bado ni mdogo.

Mlango ulikuwa karibu na koti langu nilikuwa sijalivua. Lakini chai ilikuwa imeshamiminwa, na mgeni hamwaibishi mwenyeji. Nikasema asante, nimeshapoa. Nikanywa kikombe changu mpaka mwisho, nikakirudisha kwenye sinia, nikamuaga mzee kwa mikono miwili. Ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea hakuwa yeye.